Pumzi ya kupanda Kadutu

Mtu akikuambia anavuta sigara kwa sababu ya mawazo, usimbishie haraka. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mawazo hayakosi sababu. Kuna minervali, ile karo ya shule ya watoto, kuna kodi ya nyumba inayodaiwa kwa dola, kuna barabara ya kwenda kwa wazazi ambayo wiki hii inapitika na wiki ijayo haipitiki. Kuna usiku ambao mji mzima unalala huku umetega masikio. Mwanaume unayemwona saa kumi na mbili asubuhi kando ya kibanda, sigara ya kwanza mdomoni, hakuenda pale kustarehe. Anatafuta namna ya kuianza siku.

Nami nilivuta kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo, na miaka hiyo yote niliamini kwamba bila sigara nisingeweza kuyabeba niliyokuwa nayabeba. Sasa ni muda mrefu tangu niache. Watu wakiniuliza, wanatarajia niwasimulie habari za kansa na mapafu. Hizo zipo, na nitazigusa. Lakini lililonikalisha chini niandike haya yote ni jingine: utulivu niliokuwa nautafuta ndani ya moshi niliukuta nje ya moshi. Matatizo ya maisha yangu hayakupungua hata moja, na bado mawazo yalipungua uzito. Natamani kila mvutaji wa mji huu alisikie hilo kabla ya kuambiwa lingine lolote.

Jambo hili lina maelezo yake, wala si muujiza. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfunga mvutaji, ukiivuta hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10, na huko hufungua raha fupi. Baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ubongo uliozoea huanza kudai: mikono haitulii, hasira inakaa karibu, kichwa kinalizunguka jambo moja bila kulimaliza. Mvutaji hali hiyo anaiita mawazo. Anawasha nyingine, hali inatulia, naye anaishukuru sigara. Kumbe sigara iliyopita ndiyo iliyomletea ile taabu. Ni kama mtu anayekuibia kuku usiku, asubuhi anakuletea yai, nawe unamwita jirani mwema.

Wala sisemi hivi kwa kuangalia maisha yangu peke yangu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizowafuatilia watu kabla na baada ya kuacha. Walioacha walionekana kuwa na wasiwasi mdogo zaidi, huzuni ndogo zaidi na msongo mdogo zaidi kuliko walioendelea kuvuta. Hata wale waliokuwa na maradhi ya akili tangu mwanzo walionekana kupata nafuu hiyo. Siku niliposoma habari hiyo nilikuwa nimeshaacha, na nilihisi kwamba kuna mtu ameandika kwa takwimu kile nilichokuwa nashindwa kukieleza kwa mama watoto.

Mimi ni seremala. Atelye yangu, yaani karakana, iko Kadutu, nyumbani nakaa chini, upande wa Nyawera, na asubuhi napanda kwa miguu. Asiyeijua Bukavu aelewe kwamba huu ni mji wa vilima. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumejenga kuanzia ukingoni mwa maji hadi juu kabisa, nyumba moja ikikanyaga paa la nyingine. Njia za mkato ni ngazi za udongo zilizochimbwa kwa jembe, na mvua ikinyesha zinageuka mifereji. Katika ngazi hizo unapishana na akina mama wabeba mizigo, gunia la makala, yaani makaa, mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, wameinama hadi huoni macho yao. Wanapanda polepole bila kusimama.

Mimi nilikuwa nasimama. Nilikuwa na vituo vyangu njiani: ukuta wa kanisa, mlango wa fundi redio, halafu jiwe kubwa ambapo njia inapinda. Nilijifanya naangalia simu. Nilikuwa sijafikisha hata umri wa kuitwa mzee na tayari kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

Sababu ya hali hiyo nilielezwa na muuguzi mmoja wa kituo cha afya, na alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza wengine hadi leo. Moshi wa sigara una monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayoua watu waliolala na mbabula, jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo sehemu ya damu ya mvutaji inazunguka mwilini bila kubeba hewa inayotakiwa. Ongeza juu yake kwamba kwenye mwinuko kama wetu hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa mita 1,500 shinikizo la hewa limeshapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Mvutaji wa Bukavu anapanda kilima akiwa amepunguziwa mara mbili. Akaniambia pia kwamba kwa mtu anayeacha, gesi hiyo huwa imetoka na damu imerudi kawaida ndani ya saa 12 hivi. Saa 12 tu. Nilimwomba arudie.

Niliamua kuacha siku ya kumaliza oda kubwa ya mabenchi, kwa sababu nilitaka wiki isiyo na mteja wa kunikimbiza. Ushauri huo ningempa mtu yeyote: chagua siku, usingoje ikuchague. Niliondoa atelyeni lile kopo la tomati tulilokuwa tunatupia vipisi. Niliondoa briketi zote, vile viberiti vya gesi. Niliwaambia vijana wa ufundi mbele ya mashine kwamba kuanzia Jumatatu hakuna anayevuta humu ndani, nikiwemo mimi, na kwamba nikiwa mkali wiki hiyo wanivumilie. Nilimwambia na mama watoto. Hakusema mengi. Alisema tu, "Baba watoto, usiku ukishindwa kulala niamshe, tuongee." Na kweli nilimwamsha.

Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Madaktari wanasema hivyo na mwili wangu ulisema hivyo. Ukiisha wakati huo dhiki haiondoki, lakini haizidi tena, na baada ya wiki chache inabaki kuja kwa vipindi. Kitu kilichonisaidia zaidi ni kujua kwamba hamu ya sigara haidumu. Inapanda, inafika juu, inashuka, na yote hayo ni dakika chache, ukikaza bila kuwasha. Mvutaji haijui hiyo, kwa sababu hajawahi kuisubiri ishuke. Kila mara anaikatiza kwa briketi. Mimi nilikuwa na kazi ya mikono, na hiyo ilikuwa bahati. Hamu ikija nilichukua randa na ubao mgumu, nikaranda mpaka maranda yafunike miguu. Ikiwa bado ipo, nilitoka nje kununua muwa. Hapa kwetu wanauuza umekatwa vipande, umeshamenywa, na kuutafuna kunachukua muda, kunashughulisha mkono, mdomo na meno kwa pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu kubwa, na ilikuwa ya bei ndogo.

Kijana muuza sigara wa karibu na atelye alikuwa mtihani mwingine. Wa Bukavu wanamjua hata kama hawamjui: sinia la mbao lenye kamba ya shingoni, upande mmoja bombo (pipi) na biskuti, upande mwingine pakiti za sigara zilizofunguliwa, katikati karanga kwenye vifuko, na briketi inaning'inia kwa uzi ili isipotee. Siku ya kwanza alinichomolea moja kabla sijafika, kama kawaida yake.

"Papa fundi, ile yako."

"Leo nipe karanga, mwanangu."

"Na sigara?"

"Nimeacha."

Aliirudisha kwenye pakiti taratibu, kwa vidole viwili, isivunjike. Hakunicheka wala hakunishawishi. Kesho yake alinipungia kifuko cha karanga kutoka mbali, na ikawa hivyo. Namshukuru sana kijana yule, kwa sababu angetaka angeweza kunirudisha kwa neno moja.

Lakini biashara yenyewe ya kuuza moja moja naichukia waziwazi. Anayenunua moja haoni onyo lililoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu pakiti haifiki mkononi mwake. Hajui anatumia kiasi gani kwa mwezi, kwa sababu hela inatoka kidogokidogo pamoja na ya mkate na ya yunite za simu. Na mtoto wa shule ambaye hawezi kununua pakiti anaweza kununua moja. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ule wa Shirika la Afya Duniani, nchi yetu iliuridhia mwaka 2005, na kifungu chake cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja. Tembea kutoka Nyawera mpaka soko la Kadutu uhesabu masinia.

Kuna jambo dogo ambalo karibu lingenirudisha kwenye sigara, nami sioni watu wakilisema. Ni kahawa. Sisi tunaishi katikati ya kahawa; inatoka Kabare, Kalehe, Idjwi, na mimi asubuhi bila vikombe viwili vizito sikuwa mtu. Wiki ya kwanza bila sigara moyo ulikuwa unadunda, mikono inatetemeka hadi siwezi kuchora mstari ulionyooka kwenye ubao, usingizi hauji. Nilidhani ni mwili unalilia sigara na kwamba nitakufa nisipoupa. Yule muuguzi ndiye aliyeuliza nakunywa kahawa kiasi gani. Kumbe vitu vilivyomo kwenye moshi wa sigara hulifanya ini liichome kafeini, ile nguvu ya kahawa, haraka kuliko kawaida. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na nguvu yake inaongezeka sana. Vikombe vyangu viwili vilikuwa vimekuwa kama vinne. Nilipunguza kikawa kimoja, cha asubuhi tu, na baada ya muda mfupi kutetemeka kukaisha. Najiuliza ni watu wangapi wameacha, wakatetemeka kwa kahawa, wakarudi kuvuta wakidhani sigara ndiyo iliyowaponya.

La pili linalowatisha watu ni kikohozi. Mtu anaacha sigara, halafu anakohoa zaidi kuliko alipokuwa anavuta, anasema afadhali nirudi. Kwenye njia za hewa tuna vinywele vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu na makohozi juu, yatoke. Moshi huvilemaza. Ukiacha, vinaamka na kuanza kusafisha, na usafi huo unatoka kwa kukohoa. Kwangu kulikuwa na asubuhi za makohozi meusi ambazo sitazisahau, na kwa seremala yale meusi yalikuwa moshi pamoja na vumbi la mbao. Halafu yakawa ya kijivu, halafu meupe, halafu nikaamka siku moja nikapiga mswaki na sikukohoa kabisa. Mama watoto ndiye aliyegundua. Alikuja kuchungulia mlangoni kuona kama nimeamka, maana hakunisikia.

Nikishafika kwenye vumbi la mbao nisiliruke. Vumbi hilo nalo linajulikana kusababisha kansa, hasa ya pua, na mvutaji anayefanya kazi kwenye vumbi anauchokoza mwili wake kutoka pande mbili. Tangu niache, pua yangu imekuwa na aibu ya kuvuta chochote kibaya. Tunafunga barakoa tukikata, na dirisha la nyuma nimelipanua. Nyumbani tumeitoa mbabula nje, chini ya kipaa kidogo nilichojenga kwa mabaki ya mbao, kwa sababu sioni maana ya kuacha moshi wa sigara halafu watoto wakae jikoni wakivuta wa makala.

Sasa nije kwenye raha, kwa sababu kuna watu wanadhani kuacha sigara ni kufunga milango tu.

Kwanza ilirudi pua. Nilikuwa napasua ubao wa sipre, asubuhi, na harufu ikaja ghafla, ya utomvu, kali na tamu kidogo, mpaka nikazima mashine. Nimefanya kazi na sipre tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi na nilikuwa nimesahau kwamba ina harufu. Nikaenda kwenye rundo la mbao, nikawa nainusa mbao moja baada ya nyingine. Mkalitusi una harufu ya dawa ya kifua. Muvula una harufu nzito, ya ngozi na pilipili, na vumbi lake linakereketa koo. Siku hizi mtu akiniletea mbao akasema ni kavu, kabla sijaigonga naiweka puani, kwa sababu mbao mbichi haijifichi. Kwa fundi hicho ni chombo cha kazi, na nilikuwa nacho siku zote usoni bila kukitumia.

Halafu ikarudi ladha. Sambaza, wale samaki wadogo, za kukaanga na limao, sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na mawese bila haraka, hata bugali yenyewe: ilionekana kama mama watoto amebadilisha mapishi, naye alikuwa hajabadilisha lolote. Nilikula sana. Wanaoacha huongezeka uzito, wengi kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nimesikia watu wakitumia hiyo kama sababu ya kutoacha. Kwa kipimo cha afya haina uzito wowote ukiiweka kando ya madhara ya kuvuta, na katika mji wa vilima kama huu miguu yenyewe inalishughulikia suala hilo.

Na pumzi. Haikurudi kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba damu huanza kuzunguka vizuri na mapafu kufanya kazi zaidi kati ya wiki 2 na 12, na kwamba kukohoa na kukosa pumzi hupungua kati ya mwezi 1 na 9. Kwangu ilikwenda hivyohivyo. Kwanza nililiacha lile jiwe la kwenye kona. Nilifika pale nikagundua sihitaji kusimama. Baadaye mlango wa fundi redio. Ukuta wa kanisa ulikaa muda mrefu, kwa sababu ngazi za pale ni kali kweli, lakini nao nikaupita. Kipo kitu kinachobadilika kichwani mwa mtu anapopanda kilima bila kusimama. Anafika kazini bado ana nguvu za kuongea na watu vizuri. Vijana wangu wa ufundi wanasema asubuhi zangu zimebadilika, na mimi nawaamini wao kuliko ninavyojiamini mwenyewe, kwa sababu wao ndio walioishi na zile za zamani.

Usingizi pia. Wiki za mwanzo ulikuwa umevurugika, ndoto nyingi na kali, kisha ukaja usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu ujanani. Mvutaji hajui kwamba usiku mwili wake unaamkaamka kudai nikotini. Anaamka amechoka, anadhani ni kazi.

Niliwahi kubishana na mzee mmoja wa jirani, fundi viatu, mtu ninayemheshimu sana. Aliniambia, "Wewe bado kijana, mimi nimeshavuta miaka arobaini, mapafu yameshaharibika, niache nimalizie." Sikutaka kumshinda mzee kwa maneno, ila nilimweleza habari za madaktari wa Uingereza. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa kiume zaidi ya 34,000 wa nchi hiyo, wavutaji na wasiovuta, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka 50. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyeendelea kuvuta alipoteza kama miaka 10 ya maisha kwa wastani. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliiokoa karibu yote. Aliyeacha na miaka 40 aliokoa kama 9, na miaka 50 kama 6. Na aliyeacha akiwa na miaka 60 bado aliongeza kama miaka 3. Mzee alinyamaza akishona. Kisha akaniuliza, "Hao wa miaka 60, walikuwa madaktari kweli?" Nikamwambia ndiyo, Muzee, madaktari. Akasema, "Basi hata wao walikuwa wanavuta." Hajaacha kabisa. Amepunguza, na havuti tena akiwa amempakata mjukuu. Nami naendelea kumpelekea miwa.

Hilo la mjukuu si dogo. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na miongoni mwao wamo watu ambao hawajawahi kushika sigara, waliovuta moshi wa wenzao. Nyumba zetu ni ndogo, paa liko chini, na msimu wa mvua watu hufunga kila kitu. Mtoto anayelala katika chumba kile anavuta pamoja na baba yake, na mapafu yake bado yanakua.

Kuhusu dawa: zipo, na si uchawi. Kuna bandiko za nikotini za kubandika kwenye ngozi na ubani wa nikotini wa kutafuna, ambavyo humpa mtu nikotini kidogo bila moshi wakati anajifundisha kuishi bila sigara. Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya vareniklini na bupropioni. Vinaongeza kweli uwezekano wa kufaulu. Katika farmasi nilizoulizia hapa mjini sikuvikuta, na hilo linaniumiza, kwa sababu sigara yenyewe naikuta kila hatua kumi. Mwenye ndugu anayesafiri anaweza kuagiza, lakini aongee kwanza na daktari, hasa kama ana ugonjwa mwingine au ana mimba. Aliyekosa asikate tamaa. Duniani kote wengi walioacha waliacha bila dawa yoyote, na wengi wao hawakufaulu mara ya kwanza. Kuanguka na kuanza tena ndiyo hali ya kawaida ya jambo hili, na kila mara mtu anajifunza ni saa gani na ni nani humrudisha. Kwa wengi hapa ni nganda, yaani baa: chupa mbele, rafiki upande huu, sigara upande ule. Wiki za mwanzo kaa mbali na nganda. Marafiki wa kweli watakukuta nyumbani.

Wapo wanaotaka niseme habari ya fedha. Ni kweli, hela ilibaki, na kwa sehemu yake nilinunua seti nzuri ya patasi. Lakini sijamwona mtu aliyeacha kwa sababu ya fedha akadumu. Waliodumu ninaowajua, kila mmoja alikuwa na kitu alichotaka kurudishiwa. Mmoja alikuwa mwimbaji wa kwaya, alitaka sauti yake.

Na mawazo? Bado yapo. Kuna siku habari mbaya zinakuja mfululizo, mteja halipi, mtoto ana homa, na mkono unajigusa wenyewe nyuma ya sikio la kushoto, mahali nilipokuwa nachomeka sigara wakati la kulia likibeba penseli. Sasa hivi penseli ziko mbili. Kinachotofautiana ni kwamba tatizo likija linakuja peke yake. Haliji limepandwa mgongoni na kile kiu cha nikotini kinachofanya kila jambo lionekane la mwisho. Nalitazama, naongea na mama watoto, au nasali, au nashuka hadi ziwani nikae. Nikipata jibu sawa, nikikosa nalala. Nilipokuwa navuta nilikuwa siwezi kukosa jibu na bado nikalala.

Nimalizie kwa jambo moja la haraka, kwa sababu nimeona linavyopuuzwa. Wavutaji wengi wana kikohozi cha muda mrefu na wote wanasema ni sigara tu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na kuvuta sigara kunaongeza hatari ya kuupata ugonjwa huo na hatari ya kufa nao. Kikohozi kikizidi wiki mbili, au kikija na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu, nenda kituo cha afya upimwe makohozi, uwe umeacha sigara au bado. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika mpango wa taifa. Kijana wangu mmoja wa ufundi, ambaye hakuwa amevuta hata siku moja, alikohoa wiki kadhaa tukisingizia vumbi. Nilimpeleka mwenyewe asubuhi moja, tukasubiri kwenye benchi mpaka mchana, akakutwa nao. Alimeza dawa miezi 6 bila kuruka siku, na sasa yuko hapa, anakata meza ya mtu wa Nguba.